Gari linalofika na gari linalopita

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, na katibu wa kamati ndogo ya mtaa wetu. Lami ilipofika tulishangilia. Sasa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni honi mtindo mmoja: magari yanakimbia foleni ya Shekilango na kupita kwetu kwa kasi. Watoto wanasimama pembeni mpaka mtu mzima awavushe. Wazee waliokuwa wakicheza bao nje wamerudi ndani. Tunataka mtaa wa kutembea, wenye miti na mahali pa kukaa, lakini wenye maduka wanasema tukifunga barabara biashara itakufa, na wengine wanasema hayo ni mambo ya Ulaya. Tuanzie wapi?

Jibu: Dada katibu, kwanza naomba ulifute neno "kufunga" kwenye muhtasari wenu. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya mitaa, na neno hilo likitamkwa tu, nusu ya watu wanasimama. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaona lori lake la saruji limezuiwa. Kijana wa bodaboda anaona kijiwe kimevunjwa. Mzee mwenye kisukari anaona gari la kumpeleka hospitali limeishia njia panda. Wote wana haki ya kuogopa. Na ukiwasikiliza mpaka mwisho, wote wanalalamikia kitu kile kile mnacholalamikia ninyi: magari ambayo hayana shida yoyote na mtaa wenu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kuna gari linalofika na kuna gari linalopita. Linalofika linaleta mgeni, mzigo, mgonjwa, mkaa, maji. Linalopita halileti kitu, linaacha vumbi na moshi. Mtaa wa kutembea ni ule ambao gari linalofika linafika, ila linalopita halioni faida ya kupita. Miti, mabenchi na rangi za barabarani vinakuja baada ya hapo. Nimeona mitaa ikianza na mabenchi, na yale mabenchi yamegeuka maegesho ya pikipiki.

Kwa nini Sinza inaumia hivi? Sinza ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Mitaa ikanyooshwa, ikakutanishwa kwa pembe za mraba, na kila mtaa ukapewa mdomo huku na mdomo kule. Ilikuwa kazi nzuri na bado ni nzuri; anayeishi bondeni kwenye vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliingii atakwambia mlivyobahatika. Lakini mtaa wenye midomo miwili ni kama mfereji. Foleni ikijaa Shekilango au Sam Nujoma, magari yanatafuta pa kumwagikia, na lami mpya ndiyo mteremko.

Sasa msiseme "magari yanayopita ni mengi." Hesabuni. Vifaa ni madaftari mawili, kalamu mbili na saa za simu zinazokubaliana. Mmoja anakaa mdomo wa juu wa mtaa, mwingine mdomo wa chini, saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Kila gari linapopita anaandika tarakimu tatu za namba yake, aina ya gari na dakika. Nakumbuka asubuhi moja nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kando ya meza ya mama wa vitumbua, naandika: 417, Noah ya rangi ya fedha, saa 1:12. Mwenzangu upande wa pili akaandika: 417, Noah, saa 1:14. Dakika mbili. Noah ile haikumshusha mtu, haikununua kitumbua. Jioni tulipolinganisha madaftari, namba zilizoonekana pande zote mbili zilijaza kurasa kadhaa, na zile zilizoingia zikabaki mtaani hazikumaliza ukurasa mmoja. Mama wa vitumbua, ambaye wiki nzima alikuwa akisema magari ndiyo wateja, alizisoma namba zile kimya, halafu akasema, "Kumbe wananipulizia moshi bure."

Daftari hilo lina nguvu kuliko hotuba yoyote. Msipige picha za magari kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp, mtazua ugomvi na majirani. Tarakimu tatu zinatosha.

Mkishajua ni magari mangapi yanapita tu, dawa yake inajulikana na ni ya zamani. Groningen, Uholanzi, mwaka 1977 waligawa katikati ya mji wao sehemu nne. Gari liliweza kuingia sehemu yoyote, lakini halikuweza kuvuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Sharti lirudi nje kwenye barabara ya mzunguko. Ghent, Ubelgiji, wakafanya la aina hiyo hiyo Aprili 2017, sehemu sita zikizunguka eneo la kati la waenda kwa miguu. Barcelona, Hispania, walichukua mraba wa vitalu tisa vya majengo, tatu kwa tatu, na magari yanayopita yakabaki kwenye barabara za pembeni. Kote huko karibu kila nyumba inafikika kwa gari. Kilichoondoka ni njia ya mkato.

Kwenu maana yake ni hii: mahali fulani katikati ya mtaa panawekwa nguzo fupi za zege zinazozuia gari lakini si mtu, baiskeli wala mkokoteni. Anayetoka juu anafika mpaka nguzoni na kurudi juu. Wa chini hivyo hivyo. Nguzo moja iwe ya kung'olewa, yenye kufuli, ufunguo ukae kwa zimamoto na kwa mtendaji wa mtaa. Lori la taka na gari la kunyonya maji machafu mpangieni njia mapema na lipate mahali pa kugeuzia, vinginevyo nguzo zitagongwa mwezi wa kwanza.

Onyo kubwa: msifanye mtaa mmoja peke yake. Mkiziba wenu, Noah ya saa 1:12 itahamia mtaa wa jirani, na kamati ya kule itakuja na mapanga, nasema kwa utani lakini si sana. Kaeni na mitaa mitatu minne inayofuatana, mchore pamoja. Kuhusu hofu kwamba foleni yote itarundikana Shekilango, mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walikusanya mifano ya miji iliyopunguza nafasi ya magari, wakakuta mara nyingi sehemu ya magari hayo haikuonekana tena hata kwenye barabara za jirani. Watu walibadilisha saa ya kutoka, wakapitia kwingine kabisa, wakapanda basi au wakaunganisha safari mbili kuwa moja. Foleni ya Shekilango haitaisha kwa ajili yenu, wala haitakuwa kiama.

Bado mwendo. Hata magari yanayofika yanaweza kuua. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, nami naona ni nyingi mno kwa mtaa wenye watoto. Fanya hesabu. Kwa mwendo wa 50, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja inakwenda kabla mguu haujagusa breki, halafu breki nzuri kwenye lami kavu zinataka kama mita 14 nyingine. Jumla 28. Kwa mwendo wa 30 jumla ni kama 13. Yaani pale ambapo dereva wa 30 amekwisha kusimama, dereva wa 50 hata breki hajaanza kuikanyaga.

Kibao cha "30" peke yake ni pambo. Mwendo unapunguzwa na umbo la barabara. Tuta bapa, lenye kimo cha kama sentimita 10 na mgongo mpana unaochorwa kivuko cha pundamilia juu yake, linamwinua mtoto aonekane na kumlazimisha dereva apunguze. Kona nazo: ukingo ukichongwa kwa mviringo mkubwa dereva anakata kona bila kugusa breki, ukiuleta mbele, kona inakuwa kali na mtu anayevuka ana hatua chache za kwenda. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la usalama barabarani la Amend limefanya kazi ya namna hii kuzunguka shule za msingi, kwa vitu vidogo vidogo: njia ya miguu, matuta, nguzo, vivuko, na shule nyingine hata geti likahamishiwa upande wenye utulivu. Mwaka 2019 mradi huo wa Kiafrika ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI, taasisi ya utafiti ya Marekani, mbele ya miji yenye fedha za kumwaga. Kwa hiyo anayesema "mambo ya Ulaya" mwambieni aende akatazame shule.

Lakini msijenge tuta wenyewe. Mtaa mmoja niliowahi kuushauri ulikosa subira, wakamwaga zege usiku. Lilikuwa kali kama ukingo wa kaburi, halina rangi. Wiki haikuisha, kijana wa bodaboda akaanguka nalo gizani akavunjika bega. Likang'olewa, na kila tulipopeleka barua baada ya hapo tulijibiwa kwa habari za lile tuta.

Hilo la Ulaya limenigusa, niseme kidogo zaidi. Mtaa wa kutembea ni mali yetu ya asili. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja, nenda Lamu. Vichochoro vyembamba, nyumba ndefu zinazotiliana kivuli, na mbele ya nyumba baraza la mawe lililojengwa pamoja na ukuta. Mtu hahitaji benchi la halmashauri. Nyumba yenyewe inampa mpita njia pa kukaa, na mwenye nyumba anampata mlinzi wa bure. Pale njia panda ya Jaws, Mji Mkongwe, watu wanakunywa kahawa na kubishana mpira na siasa, na hakuna aliyewatengenezea "eneo la umma." (Siku hizi vespa na pikipiki zinapenya humo kwa fujo, lakini hilo ni la siku nyingine.) Sinza hamwezi kujenga vichochoro, viwanja vimeshapimwa. Baraza mnaweza. Mwenye nyumba anayejenga ukuta wa mbele upya ashawishiwe auvute ndani nusu mita na kuacha ukingo wa kukalia. Wazee wa bao watarudi wenyewe.

Kwa majirani ipo mifano miwili. Nairobi, mwaka 2019, serikali ya kaunti pamoja na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, waliigeuza Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya redio na simu uliokuwa umesongwa na magari: wakaifanya ya kwenda upande mmoja, wakapanua njia za miguu, wakapanda miti. Ni mtaa wa biashara ya watu wa kawaida, na ndiyo maana naupenda kama mfano. Wa pili, Kigali, una funzo chungu. Mwaka 2015 jiji lilitoa magari kwenye kipande cha barabara katikati ya mji. Magari yakatoka. Watu hawakuingia! Kwa miaka kadhaa palikuwa lami tupu, jua la saa saba linapiga, na wenye maduka wakilalamika kwamba wateja wamepotea. Ilibidi wapatengeneze upya. Pakafunguliwa mwaka 2022 kwa jina la Imbuga City Walk, na viti, bustani, vibanda vya chakula na pa watoto kuchezea. Ndipo watu wakaja. Lami ile ile, jua lile lile, tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na cha kufuata.

Kwa hiyo kivuli. Kwa jua la Dar es Salaam, mtu anaweza kutembea kilomita nzima chini ya miti na akalaani mita mia mbili za juani. Na hapa nina ugomvi wa muda mrefu na muashoki. Unapandwa kila mahali kwa sababu unakua haraka, umenyooka kama askari wa gwaride, na unajitilia kivuli wenyewe tu. Pandeni mwarobaini. Mkungu nao una kivuli kipana sana, ila majani yake makubwa yanaangukia mtaroni, na masika yakifika mtaro ulioziba utawarudisha nyuma miaka mitano. Mti upandwe kati ya barabara na njia ya miguu, uwe na shimo la kutosha lisilozibwa na zege, na kila mti uwe na mwenyewe kwa jina: mti huu ni wa duka la dawa, huu wa saluni, huu wa familia ya mzee fulani. Mti wa kamati hunyweshwa wiki mbili.

Mitaro haina mvuto kwenye michoro, lakini mimi huanza kuiangalia hiyo. Mkiinua barabara bila kufikiria maji, mvua ya kwanza itaingia sebuleni kwa mtu. Mtaro uliofunikwa kwa slabu ni njia nzuri ya miguu, mradi slabu ziwe na uzito ambao watu wawili wanaweza kuinua wakati wa kuzibua. Zikiwa nzito mno hazizibuliwi kamwe. Zikiwa nyepesi zinaibwa.

Upana: chukueni futi ya kamba mkapime. Njia moja ya gari inataka mita 3, na kwa mtaa wa makazi mita 5.5 za magari kupishana zinatosha. Ufinyu wenyewe unamfanya dereva apunguze. Njia ya miguu isipungue mita 1.8 zilizo wazi, ili viti viwili vya magurudumu vipishane. Sisitizeni neno "zilizo wazi." Nimepima njia nyingi ambazo kwenye mchoro ni mita mbili, na ukifika pale ni nguzo ya umeme, kibao cha saluni na jenereta.

Machinga na mama lishe wasisahaulike. Kumbukumbu ya kuhamishwa kwao kando ya barabara mwaka 2021 bado ni mbichi, na wakisikia "kupendezesha mtaa" wanasikia "kufukuzwa." Kwangu mimi mtaa usio na muuza machungwa si wa kutembea, yeye ndiye taa ya usiku na ndiye anayejua mtoto wa nani anakwenda wapi. Wapimieni ukanda wao, mita moja na kitu kwenye mstari wa miti, wenye rangi chini, ili njia ya miguu ibaki wazi. Kijiwe cha bodaboda vivyo hivyo. Mhandisi anayewaambia nguzo zitazuia bodaboda anawadanganya: nafasi inayopitisha kiti cha magurudumu inapitisha pikipiki. Hapo pana makubaliano tu. Wapeni kijiwe kizuri chenye kivuli mdomoni mwa mtaa, nao wakubali kupita mwendo wa mtu anayekimbia. Vijana wakishakuwa walinzi wa utaratibu, hakuna anayeuvunja.

Kwa wenye maduka, msibishane, waulizeni wakisie, halafu simameni mlangoni siku moja mkiuliza kila mteja, "Umekujaje?" Bristol, Uingereza, walifanya hivyo mwaka 2006: wenye maduka walikisia kwamba wateja 41 kati ya 100 wanakuja kwa gari, na hesabu ikatoa 22. Sinza naamini pengo litakuwa pana zaidi, maana wateja wenu wengi wanashuka daladala, au mwendokasi pale Shekilango, na kumalizia kwa mguu. Mizigo ipangiwe saa: malori yaingie kabla ya saa nne asubuhi. Mwenye duka la saruji mpeni nafasi ya kushushia mbele ya duka lake, iliyochorwa. Yeye ni gari linalofika.

Na yote haya yafanywe kwanza kwa majaribio. Copenhagen, Denmark, walipoondoa magari kwenye mtaa wa maduka wa Strøget mwezi Novemba 1962 walianza kwa majaribio, huku watu wakisema Wadenmark si Waitaliano, hawatakaa nje. Wakakaa. Ninyi ombeni miezi mitatu: mapipa ya chuma yaliyojazwa mchanga na kupakwa rangi badala ya nguzo, chokaa badala ya ukingo, viti vya plastiki vya msibani badala ya mabenchi. Pipa likiwa mahali pabaya linasogezwa, zege halisogezwi. Baada ya miezi mitatu hesabuni tena, daftari lile lile, mdomo ule ule.

Kibali ndicho kitakachowachosha. Mitaa kama wenu kwa kawaida iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ulizeni kwa mtendaji kabla ya kuandika barua, maana barua iliyokwenda ofisi isiyohusika hupotelea huko. Pitisheni kwanza kwenye mkutano mkuu wa mtaa, muhtasari uwe na mahudhurio na sahihi, kisha diwani aupeleke kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Ambatisheni madaftari, mchoro wa mkono unaoonyesha mitaa yote mitatu minne, na barua ya kukubali ya walimu wakuu na ya kijiwe cha bodaboda. Askari wa usalama barabarani wa wilaya aalikwe mapema, asiusikie mradi mitaani.

Jambo moja ambalo halina dawa nyepesi: mtaa ukipendeza, kodi ya fremu hupanda. Wapangaji wenu wawaambie wenye nyumba mapema waandikishane mikataba ya miaka, si ya miezi sita, kabla pipa la kwanza halijawekwa.

Anzeni na kuhesabu, Jumanne au Jumatano, shule zikiwa zimefunguliwa. Juu ya kila ukurasa andikeni pia hali ya hewa, kwa sababu siku ya mvua Sinza huwa mji mwingine kabisa. Mkimaliza nileteeni kurasa zenu, nitawasaidia kuzilinganisha.